Uweke kbps Ngapi? Mwongozo wa Kuhifadhi Nyimbo za CD na Kanda kwa Ubora Unaofaa

Maswali ni yale yale. "Niweke 128 au 320?" "FLAC ni kitu gani na mbona inajaza simu?" "Nimegeuza MP3 zangu zote kuwa FLAC, mbona sauti haijabadilika?" Mara nyingi anayeuliza ana mali mkononi: CD za kwaya, kanda za taarabu za mama yake, dansi la zamani lililonaswa kutoka redioni, mawaidha ya shehe aliyekwisha kufariki. Anataka yote hayo yaingie kwenye kompyuta na simu yakiwa salama. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Kila wimbo uwe na nakala kamili ya FLAC usiyoigusa, na nakala ndogo za simu, za gari na za kutumiana zitengenezwe kutoka kwenye hiyo. Ukifanya hivyo, mpangilio mbaya wa nakala ndogo si msiba: unafuta na kutengeneza nyingine. Ukiruka hapo na kwenda moja kwa moja kwenye MP3, huku kanda ikiendelea kuoza kabatini, ulichopata siku hiyo ndicho utakachobaki nacho.

Nadharia, kidogo tu

CD ya muziki ina sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa kila sekunde, kila sampuli ina biti 16, na njia ni mbili, kushoto na kulia. Jumla ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, yaani karibu MB 10 na nusu kwa dakika. Faili ya WAV ni hayo hayo bila kupunguzwa.

FLAC hubana bila kutupa kitu. Ukiifungua, kila biti inarudi ilivyokuwa. Kwa kawaida hubakia kati ya nusu na thuluthi mbili ya ukubwa wa WAV.

MP3, AAC na Opus hubana zaidi kwa sababu hutupa: zinaondoa sehemu za sauti ambazo sikio ni vigumu kuzipambanua. Ile namba ya kbps ni kilobiti ngapi zimeruhusiwa kutumika kuielezea sekunde moja. Namba ikiwa ndogo, kinachotupwa ni kingi. Na maji yakimwagika hayazoleki: kugeuza MP3 kuwa FLAC kunanenepesha faili tu, hakuongezi chochote kwenye sauti.

Hayo yanatosha. Twende kazini.

Vitu vya kuwa navyo

- Kompyuta yenye nafasi. Saa moja ya muziki kwa FLAC ya kiwango cha CD huchukua takriban MB 320 hadi 450.
- Kisomeo cha CD. Laptopu nyingi za sasa hazina; cha nje cha kuchomeka kwa USB kinafaa kabisa.
- Kwa kanda: deki au redio kaseti nzima, waya wa aux, na kiingizio cha sauti cha USB chenye njia mbili.
- Programu za bure: fre:ac kwa CD na kubadilisha faili, Audacity kwa kurekodi kanda, Mp3tag kwa majina, Spek kwa kukagua, VLC kwa kusikiliza. Mwenye Windows anaweza kutumia Exact Audio Copy kwa CD. Ni kali sana katika kusoma CD zenye mikwaruzo.
- Hedifoni za waya. Si lazima ziwe za bei, ila zisiwe za Bluetooth wakati wa kukagua. Bluetooth hubana sauti upya njiani, kwa hiyo utakuwa unapima kazi yake, si faili yako.
- Diski ya nje ya akiba.

Hatua ya 1: Jua chanzo chako ni cha namna gani

Watu huiruka hatua hii, kisha wanajaza diski kwa FLAC zisizo na maana.

Ingiza CD kwenye kompyuta na ufungue yaliyomo. Ukiona faili zenye kiishio cha .mp3, hiyo si CD ya muziki, ni diski ya data. Zile CD za "nyimbo 100 ndani ya moja" ni za aina hii. Hapo hakuna cha kubadilisha: nakili faili zilivyo, uziite MP3, basi. Ukiona orodha ya nyimbo zenye kiishio cha .cda, au programu ikazisoma kama nyimbo namba 1, 2, 3, hiyo ni CD ya muziki na inastahili FLAC.

Lipo la tatu, na hili ni la hila. Mtu amechukua MP3, akazichoma kuwa CD ya muziki, akauza. Kwa macho ni CD halali, lakini sauti ilishatupwa zamani. Spek hukusaidia hapo. Toa wimbo mmoja kama ilivyo kwenye Hatua ya 2, buruta faili yake ndani ya Spek, na utaona picha ya masafa ya sauti kutoka chini kwenda juu. Wimbo wa CD halisi huweza kufika karibu 22 kHz. MP3 ya 128 hukatwa kama kwa kisu karibu na 16 kHz, na ya 320 karibu na 20 kHz.

Angalizo: usihukumu kwa picha peke yake. Rekodi za zamani na zilizotoka kwenye kanda hazina mengi huko juu hata zikiwa safi kabisa. Kanda ya kawaida huanza kuishiwa baada ya 12 kHz au 15 kHz. Tofauti ni kwamba rekodi ya zamani hufifia polepole, ilhali MP3 hukatika ghafla kwa mstari ulionyooka.

Faili ulizopakua je? Tovuti nyingi hukupa "320 kbps" iliyotolewa kwenye video ya YouTube. Video za kawaida za YouTube hubeba sauti ya AAC ya karibu 128 kbps au Opus ya karibu 160. Hiyo 320 imetengenezwa kwa kuibana upya sauti iliyokwisha kubanwa: faili ni kubwa zaidi na sauti ni mbaya kidogo kuliko ya mwanzo. Kama mwanamuziki anauza wimbo wake mahali fulani, ununue hapo. Utapata faili bora, naye atapata haki yake.

Hatua ya 2: Toa nyimbo kwenye CD

Futa CD kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Fungua fre:ac, chagua FLAC kuwa umbo la kutolea, kisha uweke mipangilio ifuatayo:

1. Sampuli 44,100 Hz, biti 16, njia mbili. Usipandishe. CD haina zaidi ya hapo.
2. Kiwango cha kubana cha FLAC: 5 au 8. Namba hii huwachanganya wengi. Inaanzia 0 hadi 8 na haihusu ubora hata kidogo. Inahusu muda ambao kompyuta itatumia kubana. FLAC ya 0 na ya 8 zinasikika sawasawa kwa sababu biti zilizomo ni zile zile.
3. Washa usomaji makini wenye kurekebisha makosa. Katika Exact Audio Copy uko katika hali ya usalama, na programu hiyo huweza pia kulinganisha matokeo yako na ya watu wengine duniani kupitia hifadhi ya AccurateRip. CD ya kwaya ya mtaani isipokuwemo humo usijali. Haina maana kwamba umekosea.

Sikiliza mwanzo na mwisho wa kila wimbo. CD huanza kuharibika ukingoni, na ukingoni ndiko ziliko nyimbo za mwisho.

Hatua ya 3: Rekodi kanda

Hapa usiwe na haraka. CD unaweza kuitoa tena mwakani. Kanda ya miaka ya themanini huenda isicheze vizuri mara nyingi zaidi.

Kagua kanda kwanza. Ukiona unga mweupe au kijivu kwenye utepe, huo ni ukungu, na watu wa pwani wanaujua vizuri. Usiicheze. Utachafua deki, na deki itachafua kanda nyingine zote. Itenge hadi umpate fundi anayejua kuisafisha.

Iliyo safi ipeleke mbele hadi mwisho kisha uirudishe, ili utepe ulegee na kujipanga upya. Safisha kichwa cha kusomea na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba na spiriti, usubiri vikauke. Kazi hii ya dakika tano huongeza ubora kuliko namba yoyote ya kbps utakayoichagua baadaye. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu watu hubishana juu ya 256 na 320 huku sauti yao imefunikwa na uchafu wa kichwa hicho.

Kama deki ina swichi ya Dolby (mfumo wa kupunguza mvumo wa kanda) na jaketi la kanda linasema ilirekodiwa kwa Dolby B, iwashe. Kama haikurekodiwa hivyo, izime, la sivyo sauti itasikika kama imezibwa na shuka.

Sasa unganisha. Waya utoke kwenye tundu la kutolea sauti la deki, au la hedifoni kama hilo halipo, uende kwenye kiingizio cha USB. Hakikisha kiingizio kina njia mbili za kweli. Vile vidogo vya bei ya chini kabisa huwa na tundu la maikrofoni tu, lenye njia moja. Tundu la laptopu la hedifoni na maikrofoni kwa pamoja nalo ni hivyo hivyo.

Mipangilio ya Audacity:

1. Kasi ya sampuli 44,100 Hz. Kwa kanda, 96,000 ni kujaza diski tu. Sampuli 44,100 hunasa masafa hadi 22,050 Hz. Masikio ya kijana mwenye afya huishia karibu 20,000, na kadiri umri unavyokwenda hushuka.
2. Biti 24 kama kifaa chako kinaziweza. Faida yake ni nafasi: unaweza kurekodi kwa sauti ya chini kidogo bila hofu. Kama kifaa kinaishia 16, endelea kwa amani. Mvumo wa kanda yenyewe ni mkubwa mno kuliko kelele ya biti 16.
3. Njia mbili, hata kama wimbo ni wa zamani na unasikika sawa pande zote. Kuunganisha pande mbili kuwa moja ni uamuzi wa baadaye.
4. Kiwango cha kurekodi: cheza sehemu yenye kelele kubwa zaidi, pale kwaya yote inapoitikia au tarumbeta zinapoingia, na urekebishe hadi kilele kifike karibu -6 dB. Kipimo kisifike 0 hata mara moja. Sauti iliyogonga 0 imekatwa kichwa, na mkwaruzo wake hautoki.

Bonyeza kurekodi, kisha bonyeza kucheza kwenye deki. Rekodi upande mzima bila kusimamisha. Kanda ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, ya 90 ina 45. Zima arifa za kompyuta, na uizuie isilale.

Ukimaliza, hamisha upande mzima uwe FLAC ya biti 24 kabla hujagusa chochote. Hiyo ndiyo nakala yako kamili.

Hatua ya 4: Safisha kidogo, au usisafishe

Kata kimya cha mwanzo na mwisho, gawa upande kuwa nyimbo, pandisha sauti hadi kilele kiwe karibu -1 dB, kisha hifadhi kila wimbo kuwa FLAC yake. Kwa kanda nyingi haya yanatosha.

Audacity ina kifaa cha kupunguza kelele. Kinafanya kazi kwa kujifunza mvumo kutoka sekunde chache za kimya, kisha kuuondoa kote. Kitumie kwa mkono mwepesi sana. Ukikaza, kitaondoa pia pumzi ya mwimbaji, kidole kinachoteleza kwenye udi, na ukumbi wenyewe ambamo watu walikaa. Binafsi napendelea mvumo wa kanda unaosikika kuliko sauti ya Bi fulani iliyogeuzwa kuwa ya roboti. Sikio huzoea mvumo baada ya dakika moja, roboti halizoeleki.

Hatua ya 5: Andika majina kabla ya kutengeneza nakala

Fanya hivi sasa, kwenye FLAC, kwa sababu programu ya kubadilisha itayahamishia majina kwenye kila nakala ndogo. Ukisubiri hadi uwe na MP3, utayaandika mara mbili.

Kwa Mp3tag jaza mwimbaji, bendi au kikundi, jina la wimbo, albamu, na mwaka kama una uhakika nao. Kwa taarabu na dansi ongeza jina la mtunzi panapojulikana, kwani mara nyingi anayeimba siye aliyetunga. Kama kuna maandishi ya mkono kwenye jaketi la kanda, yapige picha na kuiweka picha hiyo ndani ya folda.

Hatua ya 6: Tengeneza nakala ndogo na uchague kbps

Tengeneza folda mbili: moja iite Asili, nyingine iite Simu. Ya kwanza ina FLAC na haiguswi. Ya pili unaweza kuifuta wakati wowote.

Kwanza chagua umbo la faili kwa kuangalia mahali itakapochezwa:

- MP3 inachezwa kila mahali: redio ya gari, spika ya sokoni, simu ya batani. Ukiwa na shaka, chagua hii. Leseni zake zilikoma mwaka 2017, hivyo hakuna programu yenye sababu ya kutokuwa nayo.
- AAC, yenye kiishio cha .m4a, inafaa sana kwa iPhone, na kwa kbps zile zile huishinda MP3 kidogo.
- Opus ndiyo bora kuliko zote katika kbps ndogo. Android huisoma tangu toleo la 5. Redio za gari kwa kawaida haziijui, na kwenye iPhone utahitaji VLC.

Kisha namba. Kwa MP3 kuna njia mbili. Ya kwanza ni kbps zisizobadilika, ambapo kila sekunde hupewa kiasi sawa, awe anaimba mtu mmoja au bendi nzima. Ya pili ni kbps zinazobadilika: unataja ubora, na programu hutoa nyingi panapohitajika na chache pasipohitajika. Ya pili ndiyo ya busara. Katika kisimbaji (programu ya kubana sauti kuwa MP3) cha LAME, ambacho fre:ac na Audacity zote hukitumia, ubora huandikwa V0 hadi V9, na namba ndogo ndiyo bora. V0 huwa na wastani wa karibu 245 kbps, V2 karibu 190, V5 karibu 130. Ndani ya Audacity utakuta chaguo lililoandikwa "Standard, 170-210 kbps". Hilo ndilo V2.

Ushauri wangu kwa matumizi:

- Muziki wa simu: MP3 V2, au AAC ya 160, au Opus ya 128.
- Muziki wa gari: MP3 ya 192 isiyobadilika kama redio ni kongwe, V2 kama ni mpya. Injini na matairi vitafunika tofauti iliyobaki.
- Muziki unaompelekea mtu asiyeweza kupokea FLAC, ili naye aitunze: MP3 ya 320 au V0.
- Mawaidha, mahubiri, hotuba, hadithi: njia moja, MP3 ya 64 au Opus ya 32. Saa nzima ya Opus ya 32 ni MB 14 na nusu hivi, na maneno yanasikika wazi. Ndugu wanaopokea kwa bando watakushukuru.

Ili ujue nafasi, saa moja ya muziki huchukua karibu MB 58 kwa 128 kbps, MB 86 kwa V2, MB 144 kwa 320, na MB 635 kwa WAV. Kadi ya GB 32 itabeba zaidi ya saa 350 za V2, au saa 80 hivi za FLAC. Anayesikiliza kwa Bluetooth njiani hana sababu ya kubeba FLAC kwenye simu; sauti itabanwa upya kabla haijafika masikioni.

Kubadilisha ni kuburuta folda ya Asili ndani ya fre:ac, kuchagua LAME na V2, na kuelekeza kwenye folda ya Simu. Anayependa kuandika amri atumie FFmpeg:

`ffmpeg -i wimbo.flac -c:a libmp3lame -q:a 2 wimbo.mp3`

Na kwa hotuba:

`ffmpeg -i hotuba.flac -c:a libopus -ac 1 -b:a 32k hotuba.opus`

Angalizo: kwenye mipangilio ya MP3 utaulizwa kati ya stereo ya kawaida na stereo ya pamoja. Acha ya pamoja. Wengi huiogopa wakidhani inachanganya kushoto na kulia. Haichanganyi, inaepuka kuandika mara mbili kile kilicho sawa pande zote, na kilobiti zinazookolewa zinatumika kwenye muziki.

Angalizo la pili: usitengeneze MP3 kutoka MP3. Ukitaka 128 na una 320, rudi kwenye FLAC. Kila mzunguko wa kubana hutupa kingine juu ya kilichotupwa.

Hatua ya 7: Pima kwa masikio yako, si kwa macho

Ukiona imeandikwa 320, utaisikia nzuri. Wote tuko hivyo. Dawa yake ni kupimwa bila kujua.

Chagua sekunde 20 zenye sauti ngumu. Kwa muziki wetu, kayamba, tari, matoazi na makofi ya kwaya ndiyo mashahidi wazuri: kbps zikiwa chache, kayamba huanza kusikika kama maji yanayozunguka badala ya punje zinazogongana. Kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, nayo inafichua mengi. Kila nyuzi inapokwanyuliwa, sauti huanza ghafla, na kisimbaji hukata muziki vipande vipande kabla ya kubana. Kelele ya kubana husambaa katika kipande chote, pamoja na sehemu iliyo kabla ya pigo. Utasikia kama vumbi jepesi likitangulia nyuzi. Sauti ya mwimbaji peke yake na udi haikuambii mengi, hata 128 huibeba vizuri.

Tengeneza kipande hicho kwa FLAC, V2 na 128. Mpe mdogo wako au mwanao kompyuta, akuchezee FLAC na moja tu kati ya hizo nyingine bila mpangilio, nawe useme ipi ni ipi, mara 10. Ukipatia 5 au 6 unabahatisha. Ukipatia 9, unaisikia tofauti kweli. Mwenye Windows anaweza kuongeza kipimo cha ABX kwenye kichezeo cha foobar2000, kikafanya kazi hiyo bila msaidizi.

Kama huwezi kutofautisha V2 na FLAC kwa hedifoni nzuri mahali patulivu, V2 inakutosha simuni. Usijisikie vibaya. Kisimbaji kilitengenezwa kwa lengo hilo.

Hatua ya 8: Hamisha na uweke akiba

Nakili folda ya Simu kwa waya au kadi. Ukitumia WhatsApp, tuma wimbo kama hati, ili ufike ulivyo na jina lake.

Folda ya Asili iwe sehemu mbili: diski ya nje nyumbani, na nyingine kwa ndugu anayeishi mahali pengine. Flashi pekee haitoshi kuwa akiba. Na kanda zenyewe usizitupe. Ziweke zimesimama, mbali na unyevu, jua na spika zenye sumaku.

Mambo yakikwama

*Sauti inatoka upande mmoja.* Waya haujaingia hadi mwisho, au kiingizio chako kina njia moja. Jaribu waya mwingine kwanza. Kama kanda yenyewe ni ya njia moja na upande wa pili ni kimya, futa upande huo katika Audacity na uhifadhi kama mono.

*Kuna mngurumo wa chini usioisha.* Huo ni umeme wa ukutani, wa 50 Hz. Chomoa chaja ya laptopu na urekodi kwa betri. Kama haujaondoka, chomeka deki na kompyuta kwenye soketi moja.

*Sauti ya kanda ni nzito, haina ukali wa juu.* Safisha kichwa tena na uzime Dolby. Ikibaki hivyo, huenda kichwa cha deki hakijalingana na cha deki iliyorekodi. Kuna parafujo ndogo pembeni ya kichwa. Kuizungusha kidogo sana huku ukisikiliza hurudisha ukali. Kama hujawahi kufanya, mwachie fundi.

*Muziki unakwenda kasi au polepole.* Mkanda wa mpira wa deki umelegea, au betri za redio zimechoka. Rekebisha deki na urekodi upya. Kunyoosha kasi kwa programu kunawezekana pale tu kosa linapokuwa sawa mwanzo hadi mwisho.

*Redio ya gari haioni flashi.* Iumbize (format) kwa FAT32. Redio nyingi hazisomi NTFS wala exFAT.

*Redio inaona flashi lakini hairuki kwa mpangilio.* Nyingi hufuata mpangilio ambao faili zilinakiliwa. Anza kila jina la faili na namba, 01, 02, 03, kisha nakili folda moja moja.

*Majina yanatokea kama alama za ajabu.* Katika Mp3tag hifadhi tagi, yaani majina yaliyo ndani ya faili, kwa toleo la ID3v2.3. Redio nyingi kongwe hazilielewi toleo jipya zaidi.

*Wimbo wa dakika 4 unaonyesha dakika 11.* Kichezeo cha zamani kinashindwa kuhesabu kbps zinazobadilika. Tengeneza nakala ya 192 isiyobadilika kutoka kwenye FLAC.

*Wimbo mmoja uko juu, mwingine chini.* Usibane upya. Kwa foobar2000 piga hesabu ya ReplayGain, ambayo huandika tu kiasi cha kupunguza ndani ya tagi. Kwa gari lisiloijua tagi hiyo, tumia MP3Gain. Hupandisha na kushusha kwa hatua za 1.5 dB bila kuitengeneza MP3 upya.

*iPhone haipokei FLAC kwenye maktaba yake ya muziki.* Icheze kwa VLC, au uigeuze kuwa ALAC. ALAC nayo haitupi kitu, kwa hiyo unaweza kwenda FLAC hadi ALAC na kurudi mara nyingi upendavyo.

*Una shaka kwamba FLAC imeharibika ndani ya diski.* Kila FLAC hubeba alama ya kuhakiki sauti yake. Andika `flac -t wimbo.flac`, ikisema sawa, sauti iko kama siku ulipoihifadhi. Ikilalamika, chukua ile iliyo kwenye diski ya pili.